Nota Nilizozisawazisha

Sina hakika kama mimi ndiye anayefaa kuyaandika haya. Skuli niliacha darasa la saba, na muziki niliokuwa nikiujua ni ule wa harusini. Lakini waliokuwapo siku ile wametawanyika, na mzee mwenyewe hayupo tena, kwa hiyo nitasema nilivyoona.

Tulikuwa tumepanga juu ya duka pale Kenton, huku Uingereza, mimi chumba cha nyuma, yeye cha mbele. Mwenye nyumba alikuwa Mhindi wa kwetu Unguja, ametoka baada ya mapinduzi kama nilivyotoka mimi. Mzee alikuwa Mholanzi, mtunzi wa muziki, amefiwa na mke wa Kiingereza aliyemleta huku. Sote tulimwita Mzee, akazoea.

Habari zake nilizipata kidogo kidogo, ngazini na jikoni. Wajerumani walipoikalia nchi yao, walitaka kila mpigaji na kila mtunzi ajiandikishe kwao, na Wayahudi hawakutakiwa humo. Yeye akakataa. Asiyejiandikisha alikuwa hapigi mbele ya watu wala hachapishiwi kitu. Basi miaka ile alifundisha watoto majumbani, madirisha yamefungwa, na baridi ilipozidi akaupasua mfuniko wa piano yake akaufanya kuni. Wakati huo ndipo alipotunga kipande kirefu cha fidla na sello, ile fidla kubwa inayopigwa mtu amekaa. Vita vilipokwisha, watu wakawa wanataka muziki wa namna nyingine, mkavu. Muziki wake wakauona wa kizamani, una majonzi mengi na utamu mwingi. Haukupigwa hata mara moja. Siku moja aliwaita waliojiandikisha waoga. Siku nyingine alisema wengine walikuwa na watoto wa kulisha. Nayaandika yote mawili kwa sababu aliyasema yote mawili.

"Na wewe, jirani, kwenu ulikataa nini?" aliniuliza siku moja.

"Mimi sikukataa kitu, Mzee. Tuliambiwa tupange mstari, tukapanga."

Nilimwambia pia kwamba waliopindua walikuwa na machungu yao ya siku nyingi, ambayo mimi ndani ya nyumba yetu sikuyaona, au niliyaona nikayapita. Alinisogezea sahani ya biskuti.

Alipokuwa amekwishapita miaka themanini, wanafunzi wa chuo kimoja cha muziki walikubali kumpigia kipande chake, mara moja tu, Jumapili mchana, katika kanisa moja Lewisham, mradi kila mpigaji aletewe karatasi yake. Mikono ya mzee ilikuwa inatetemeka, hawezi tena kunakili. Aliniambia hana haja nyingine duniani ila kukisikia kipande kile mwanzo mpaka mwisho, nje ya kichwa chake.

Siku zile binti wa mwenye nyumba alikuwa anaolewa, nami nilikuwa namchora piko jikoni, ile rangi nyeusi ya maua ya mikononi. Mzee akaja kuchemsha maji, akasimama akitazama mpaka birika likapiga mluzi.

"Mkono huu hautetemeki," akasema.

"Ukitetemeka, bibi harusi atanizomea."

"Nani akuzomee?" akasema yule binti. "Ili unichore masharubu?"

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi ya kunakili. Majuma sita, kila nikirudi kazini, nakaa na kalamu ya wino. Nota sikujua kuzisoma. Nilizichora tu kama maua. Sasa, sisi wachora piko tuna mazoea yetu: mkono wa kulia na wa kushoto lazima ifanane, na pasibaki kiraka kitupu. Kila nilipoona mistari miwili inafanana, ila wa pili una nota imeshuka kidogo, au mwisho wake uko wazi, nilijua ni mkono wa mzee umeteleza. Nikasawazisha. Wallahi niliona namsitiri. Sikumwuliza.

Jumapili ile kanisani, wapigaji walipokuwa wakijaribu kabla ya kuanza, wakafika ukurasa wa pili, mzee akainua mkono.

"Si hivyo."

Wakarudia. "Si hivyo," akasema tena.

"Mzee, karatasi zetu ndivyo zinavyosema," akajibu msichana aliyekuwa akiwaongoza.

Nikasimama kule nyuma nikasema ni mimi, nikaeleza. Mpigaji mmoja akacheka, akaacha.

"Mahali pangapi?" mzee akauliza, uso umemwiva.

"Sijui. Kila palipokaribia kufanana."

Kisha akawaambia wapigaji, "Nami sikukagua. Kosa letu sote wawili." Nilitamani anigombeze.

Wakatoa penseli, wakasahihisha mstari kwa mstari kutoka kwenye karatasi zake. Walipomaliza ilikuwa saa tisa kasorobo. Kipande kinachukua nusu saa, na saa tisa kanisa ni la Wakongo, waliolipanga kwa ibada yao. Nao walikwisha kufika, wamejaa barazani na ngoma zao. Mlangoni kasimama mama mmoja mnene mwenye kilemba. Nikamwendea.

"Mama, samahani. Mzee wetu anaomba robo saa zaidi."

"Tunapashwa kuanza saa tisa. Watu yangu wametoka mbali na watoto."

"Najua, mama. Kosa langu mimi, si lao."

"Wewe ni wa kanisa gani?"

"Mimi Mwislamu."

"Mwislamu anakuja ku mlango ya kanisa, anaomba saa ya Wakongo." Akacheka kwa puani. "Ule mzee alifanya nini?"

Nikamwambia. Alitakiwa ajiandikishe kwa waliokalia nchi yake, akakataa, wakamfungia muziki wake; na muziki wenyewe ndio huu.

Akamchungulia mzee kwa muda. Halafu akawageukia watu wake. "Tuingie, tukae. Wenye ngoma, muziweke chini. Mwenye kukohoa, inje."

Wakaingia polepole, watoto wamebebwa, na wapigaji wakaanza. Sijui kama ulikuwa muziki mzuri. Mimi si mtu wa kusema. Katikati niliuona mrefu. Sello zilijikwaa mahali pamoja, na nadhani ni pale nilipochora mimi. Mzee alifuatisha kwa kidole ukurasa hadi ukurasa, halafu akaziacha karatasi zake zikateleza chini, akasikiliza tu. Kilipokwisha, Wakongo hawakujua kama wapige makofi. Yule mama akasema, "Amina," nao wakaitikia wote.

Katika treni ya kurudi mzee aliuliza, "Kwa nini hukuniuliza?"

"Niliogopa utaniona sijasoma."

Akatazama nje kwa vituo viwili. "Mimi sikukagua kwa sababu macho hayaoni tena nota ndogo," akasema. "Niliogopa utamwambia mwenye nyumba, naye aniambie nihamie nyumba ya kutunzia wazee."

"Nisingemwambia."

"Sasa najua," akasema, akaniuliza kama nyumbani kuna mkate.