Yowe la Mkanda

Kila jioni gari lilipokata kona ya kuingia uani, mkanda wa usukani ulipiga yowe hadi majirani wakaziba masikio. Ndani ya nyumba mama mkwe wa mshonaji mmoja wa nguo akasema kwa furaha, "Huyo amefika!" Basi, yowe hilo likamtosha. Akala, akalala.

Aliyekuwa akifika zamani ni mwanawe, mume wa mshonaji, naye sasa alikuwa kaburini. Alianguka kazini mchana kweupe, hata kuaga hakuaga. Mama yake walimweleza, akalia mpaka sauti ikakauka. Kulipokucha alikuwa amesahau, akauliza mwanawe yuko wapi. Wakamweleza tena, akalia upya. Kumuua mtu kila asubuhi mbele ya mama yake, nani ana moyo huo? Mshonaji alishindwa. Akajifunza kuendesha gari la marehemu, na jioni akiulizwa alijibu, "Anaoga, mama."

Ubaya ni kwamba uongo ulimkolea hata mwenyewe. Yowe likilia mwili ulimsisimka, akatupia jicho kiti cha pembeni. Akiingia ndani aliuacha mlango wazi kidogo, kama anayempisha mtu nyuma yake. Kuna siku alisikia maji yakimwagika bafuni, na hakwenda kutazama.

Kisha usukani ukaanza kuwa mzito. Siku aliyonusurika kutumbukia mtaroni, alilipeleka gari kwa fundi, rafiki wa marehemu.

"Shemeji, hili gari linalia kuliko wafiwa," fundi alitania, halafu akajiuma ulimi. "Nisamehe."

"Niondolee uzito tu. Mlio uache."

Fundi alimkodolea macho. Akazima injini, akamwita aone chini ya boneti.

"Injini inazungusha mkanda huu. Mkanda unazungusha pampu, na pampu inasukuma mafuta yanayokusaidia kukata kona. Ukichakaa unateleza. Yowe ni kuteleza, uzito ni kuteleza. Nitakutoleaje kimoja nikuachie kingine?" Aliupindua mkanda, ndani uling'aa na kujaa nyufa. "Nilimwambia aubadilishe tangu zamani. Akacheka tu. Eti mama akiusikia ndipo anapotulia."

Mshonaji alijikalia juu ya tairi bovu. Kumbe mumewe alijua!

"Ukikatika nikiwa barabarani?"

"Usukani utakuwa mgumu ghafla. Omba tu usiwe kwenye kona, na lori linakuja mbele."

Alimfikiria bibi kizee peke yake katika nyumba ile, akingoja watu wawili wasiokuja. Akapiga moyo konde. "Badilisha."

Fundi alilegeza bolti, akaisogeza pampu, akauchomoa mkanda wa zamani, akavisha mpya na kukaza. Akamwambia shemeji yake aubonyeze kwa kidole gumba. Ulibonyea kidogo tu.

"Hivyo ndivyo unavyotakiwa. Nenda salama."

Gari liliingia uani kimya, kokoto tu zikisagika chini ya matairi. Usukani ulikuwa mwepesi mno mikononi mwake, na aliuchukia. Alikaa humo kitambo, akitamani kurudi akadai mkanda wake.

Mama mkwe alikuwa ukingoni mwa kitanda, ametega sikio.

"Mbona umeingia peke yako? Yeye sijamsikia."

Jibu la kuoga lilimfika mdomoni, likagoma kutoka.

"Amefariki, mama."

Bibi kizee alimtazama.

"Lini?"

Mshonaji alitaka kutaja mwezi, akashindwa. Mazikoni alishughulika na wageni na mama mkwe. Yeye mwenyewe hakuwa amelia.

"Leo," alisema. "Leo, mama."

Alipiga magoti. Alilaza kichwa mapajani mwa mama mkwe, akalia kwa sauti, na mkono mkavu ukawa unampapasa nywele.

"Pole, mwanangu," bibi kizee alimwambia huku naye machozi yakimtiririka. "Ungeniambia mapema, tungelia pamoja."