Picha Iliyokatishwa na Mvua

Niliwasalimu kwanza. Hilo nataka lijulikane, maana walionisema baadaye walidai sina adabu. Nilitoka mlangoni na karai la maji niliyofulia mawinda, vile vitambaa vya kumfungia mwanangu, nikasimama mbele ya wanaume watatu waliokuwa wamekaa kwenye baraza ya nyumba yangu, nikasema, "Shikamooni."

Fundi cherehani, aliye mkubwa wao kwa umri, akaitika, "Marahaba, mwanangu," wala hakuinua macho kutoka kwenye pindo alilokuwa akilishona.

Ndipo nikayamwaga.

Sikuyarusha. Niliyamwaga taratibu, kama mtu anayemwagilia mchicha. Nilianza na shemeji yangu, kaka yake mume wangu, nikaja kwa mchuuzi wa samaki, nikamalizia miguuni mwa fundi. Cherehani niliikwepa. Cherehani haikuwa imesema neno.

"Shemeji!" shemeji yangu akapiga kelele. "Umeingiwa na nini?"

"Hesabu," nikamwambia. "Si wewe hodari wa kuhesabu mawinda? Haya, hesabu na maji yake."

Maana dakika chache kabla ya hapo, mimi niko ndani namwosha mtoto, nilimsikia akiwaambia wenzake kwa ile sauti ya chini ambayo watu huitumia wakitaka wasikike, "Leo ameanika meupe manne, katikati akatia kanga nyeusi. Kama yule wa kwenye picha. Mtaona kama askari hawaji." Na asubuhi ya siku hiyo hiyo mavyaa, mama yake mume wangu, alikuwa amekwisha kuniambia nikunje nguo zangu sandukuni nirudi kwetu Kwale, nikae huko mpaka mwanawe aje aamue kama bado ananitaka.

Nilikuwa nafukuzwa kwangu kwa sababu ya sinema.

Nieleze toka mwanzo. Munje hatuna sinema. Tuna gari la sinema, ambalo huja likitaka, likatundika shuka jeupe kwenye uwanja wa skuli na kutuonyesha kwanza mbu, kisha meno, kisha namna ya kuchimba choo. Tukishavumilia hayo yote hupewa picha yenyewe, kama mtoto anayepewa sukari baada ya dawa. Mara hii, masika yalipokuwa yanaanza, walituletea picha ya jasusi.

Ilikuwa ya Kizungu, na bwana mmoja wa bara aliyeshika kipaza sauti akatueleza kwa Kiswahili chake. Kuna vita. Kuna mji wa pwani, kama wetu ila wenye baridi. Meli zikitoka bandarini zinazamishwa, na wakubwa hawajui nani anayemwambia adui saa za kutoka. Juu kwenye ghorofa anakaa mwanamke peke yake, hazungumzi na watu, kila siku anaanika nguo kwenye kamba inayotazama bahari. Shuka jeupe, soksi nyeusi, shuka jeupe. Chini yake mna mkahawa ambamo wanaume hushinda wakicheza karata na kumsema. Afisa mwenye koti refu anazitazama nguo zile kwa darubini. Mwisho anapanda ngazi, polepole, anafika mlangoni pa yule mwanamke, anainua mkono kubisha hodi.

Mvua ikaja.

Wale mabwana wa gari walikunja mashine yao mbio mbio, kwa kuogopa umeme na kwa kuogopa barabara, maana udongo wa huku ukilowa humeza magurudumu. Wakaenda zao. Munje nzima ikalala na mlango ule haujafunguliwa.

Kesho yake mjadala ukaanza, na ukaanzia kwangu. Baraza yangu hupata kivuli mchana, kwa hiyo mume wangu alimruhusu fundi aweke cherehani yake pale. Palipo na fundi pana wanaongoja nguo, na wanaongoja nguo hawakosi la kusema. Mume wangu mwenyewe hayupo. Anafanya kazi kwenye matishari, vyombo vya kupakulia meli, bandarini Mombasa, anarudi mwisho wa mwezi.

Sitasema uongo, siku za kwanza nilifurahi. Nilikuwa nikimnyonyesha mtoto nyuma ya dirisha nikiwasikiliza, ni bora kuliko kuwa peke yangu.

"Picha gani haina hata ngumi moja?" mchuuzi wa samaki akauliza. Huyu huzunguka na baiskeli yake kutoka Msambweni mpaka Bongwe, na sinema amewahi kuziona nyingi. "Mimi nipe ya farasi. Mtu akipigwa unamwona kapigwa."

"Ya farasi ni ya watoto," shemeji akamjibu. "Hii ni ya akili. Mwanamke picha nzima hasemi neno, na meli zinazama. Nani mwingine awezaye hivyo? Mkeo anaweza kunyamaza mpaka meli izame?"

"Wangu hanyamazi hata jiko lizame."

"Mimi tatizo langu ni lile koti la afisa," akasema fundi. "Aliyelikata hajui bega la mtu. Serikali yenye koti lile siwezi kuiamini."

Wakacheka, nami nikacheka huko ndani. Nikafanya kosa la kutia neno. Nikasema dirishani, "Mwanamke yule si jasusi. Ana mtoto. Hamkuziona soksi ndogo mwisho wa kamba?"

Cherehani ilisimama. Halafu shemeji yangu akasema, si kwangu, kwa wenzake, "Mnasikia? Anamtetea."

Nimesoma Mombasa mpaka sekondari. Hapa kijijini jambo hilo lina faida pale tu mtu anapotaka kuandikiwa barua. Siku nyingine zote ni kama kidonda usoni. Watu hawasemi kitu, lakini wanakitazama. Na nyakati zenyewe ndizo hizi. Huko bara kuna Hali ya Hatari, watu wanachukuliwa majumbani mwao kwa neno la jirani, na hata sisi tulio mbali tumejifunza kumtazama mtu mara mbili.

Kisha askari wakaja.

Munje watu hugema tembo, na si wote walio na kibali, na baadhi ya wasio na kibali husali safu ya mbele. Sitaji mtu. Lori la askari lilifika asubuhi, likaingia moja kwa moja mashambani, vibuyu vikavunjwa, wagema wawili wakapelekwa Msambweni. Siku ile kamba yangu ilikuwa imejaa. Mwanangu alikuwa anaota meno, anaharisha, na mvua ilikuwa imetuzuia kuanika karibu juma zima.

Wakaja tena baada ya mvua nyingine. Na kamba yangu ilikuwa imejaa tena.

Nani aliyeyaunganisha mambo haya mawili kwanza, sikusikia kwa masikio yangu. Nilichokiona ni kisimani. Nilifika na ndoo, wanawake waliokuwa wakizungumza wakaanza kusifia hali ya hewa. Mwanamke niliyezoea kumwandikia barua za mwanawe aliye Tanga alimpelekea barua yake mwalimu wa chuo cha Kurani, naye huandika kwa shida. Wagema wakawa wanapita nyuma ya nyumba yangu badala ya mbele, kwa njia ya miiba. Mavyaa akaniambia mawinda niyaanike ndani.

"Ndani hayakauki, mama. Yatanuka, na mtoto atatoka vipele."

"Bora vipele kuliko maneno."

Nikamkalisha, nikamweleza kama mtu mzima na mtu mzima. "Mama, mimi naanika lini? Jua likitoka. Na lori la askari linapita lini barabara ile? Ikikauka. Mvua ikinyesha wao hawaji kwa sababu ya matope, na mimi sianiki kwa sababu ya maji. Jua likiwaka tunatoka wote siku moja, mimi na wao. Anayewaita ni jua, si mimi. Akamatwe jua."

Akasema, "Mwanangu, maneno yako yamenyooka mno. Mtu asiye na jambo husitasita."

Sasa umjibu nini mtu kama huyo? Ukisitasita una hatia. Usiposita una hatia zaidi. Niliendelea kuanika nje. Nami, nakiri, nikaanza kuwatazama wao kama wanavyonitazama. Nikajiuliza mbona shemeji yangu, mwenye nyumba yake na baraza yake, hashindi kwake. Nikajiuliza kwa nini vibuyu vyake, maana naye hugema bila kibali, havijavunjwa hata mara moja. Nikakumbuka minazi iliyo nyuma ya nyumba yetu, ambayo mume wangu aliirithi, na kaka yake huwa anaitazama akipita.

Basi ndivyo tulivyofika kwenye karai.

Baada ya maji, fundi alibeba cherehani yake akaenda zake, na nilimwonea haya, yeye peke yake. Shemeji akakimbilia kwa mama yake kushitaki. Mchuuzi wa samaki alibaki ubavuni mwa nyumba akikamua kikoi chake, na nilitegemea matusi. Badala yake alikuwa akicheka.

"Lakini wewe mama mtoto," akasema, "yote haya ya nini? Si umwambie shemejiyo aseme mwisho wake?"

"Mwisho wa nini?"

"Wa picha. Si aliiona Bongwe, kwa wakwe zake? Gari lilifika huko juma lililofuata, na huko mvua haikunyesha. Mimi nilisimama nyuma na baiskeli yangu, yeye alikaa mbele kabisa, kwenye mkeka."

"Na mlango?"

"Ulifunguliwa. Ndani mna mtoto mgonjwa kitandani. Mwanamke anafua mchana kutwa kwa sababu ya mtoto, basi. Jasusi ni mmoja wa wale wa mkahawani, wacheza karata. Yule aliyekuwa akimnyooshea kidole kila siku." Akavaa kofia yake. "Nilidhani mnajua. Mimi sikuipenda, nimekwambia, haina ngumi."

Nilimbeba mwanangu begani nikaenda kwa mavyaa. Shemeji alikuwa amekaa kwenye kigoda, bado anatiririka.

"Shemeji," nikasema, "mlango ulifunguliwa Bongwe?"

Akamtazama mama yake, akanitazama mimi. Nilitegemea akane. Wallahi, angekana ningemwelewa.

"Ulifunguliwa," akasema. "Lakini vibaya."

"Vibaya vipi?" mavyaa akauliza.

"Mama, mwisho ule ni wa kitoto. Unaharibu picha nzima. Yule mwanamke alivyokuwa ananyamaza, alivyokuwa anaipanga kamba yake, halafu unaambiwa ni mtoto anaumwa? Picha ile ni nzuri mpaka pale mvua iliponyesha. Sisi wa Munje ndio tulioiona vizuri. Nilikaa kimya nisiwaharibie watu."

Mpaka leo sijui kama alisema kweli. Huenda ni mpenzi wa picha tu, mpumbavu kwa namna ya wapenzi wa picha, ambaye angeniacha niachwe ili hadithi yake isiharibike. Huenda ana lake. Nikimtazama usoni naona yote mawili, na ushahidi wangu juu yake si bora kuliko ushahidi wake juu yangu. Yeye ana mawinda, mimi nina minazi.

Mavyaa akasema, "Sasa hayo ni maneno ya mchuuzi wa samaki na maneno ya huyu aliyelowa. Munje iliona mkono umeinuliwa mlangoni. Hawa wa kisimani mimi nitawaambia nini?"

"Waambie mlango ulifunguliwa."

"Waone wenyewe," akasema. "Watu hawaamini walichoambiwa, wanaamini walichoona. Mume wako anakuja mwisho wa mwezi. Mngojee hapa hapa, lakini sanduku lako lisifunguliwe."

Kwa mara ya kwanza nilikubaliana naye: watu waone wenyewe. Kesho yake nilimfunga mwanangu mgongoni, nikaenda kwa miguu mpaka Msambweni, kwenye ofisi inayopokea maombi ya gari la sinema. Karani, kijana wa bara mwenye tai, aliisoma barua yangu, akanitazama, akaisoma tena.

"Mama, unalalamikia picha?"

"Silalamikii picha. Nalalamikia mwisho."

"Malalamiko ya namna hii hatujawahi kuyapokea."

"Basi pokea la kwanza. Piga muhuri, nione."

Akapiga. Nakala ninayo, na haya ndiyo niliyoandika:

*Kwa Bwana Mkubwa wa gari la sinema. Baada ya salamu na heshima, mimi ni mke na mama, mkazi wa Munje. Nashitaki kwamba mlituletea picha ya jasusi mkaondoka kabla haijaisha. Mvua si kosa lenu. Kosa lenu ni kwamba hamkurudi. Mlituachia mwanamke anayeshukiwa na mlango uliofungwa, na watu wa hapa, wakikosa mlango wa kwenye picha, wameufungua wangu.*

*Naomba gari lirudi Munje kabla ya mwisho wa mwezi huu, kwenye uwanja ule ule, mbele ya watu wale wale, lionyeshe kipande kilichobaki. Mbu na meno tumekwisha kuyaona. Naomba shemeji yangu awekewe mkeka mbele kabisa. Kama mwisho huo ni mbaya, kama wengine wanavyosema, uonyesheni hivyo hivyo ulivyo.*

*Njooni siku ya jua, barabara ikiwa imekauka. Mkitaka kuiona nyumba ya mshitaki, hamtauliza mtu. Inaonekana toka barabarani, ndiyo yenye mawinda.*