Majina ya Penseli

Nilikuwa karani wa zamu katika kiwanda cha minofu ya sangara, Musoma. Daftari la zamu lilikuwa na utaratibu mmoja: mwajiriwa wa kudumu aliandikwa kwa wino, kibarua kwa penseli. Ili atoke penseli aingie wino, kibarua alipimwa kisu: apasue samaki kumi mbele ya meneja bila kuharibu nyama. Kipimo kilikuwa kimoja kwa wote, na kwa miaka mingi nilikitaja kama ushahidi wa haki.

Ila kila Jumatatu meneja alinisomea nani aende mezani kwenye visu na nani chumba cha barafu. Waliokuja na salamu kutoka kwa mtu ambaye meneja anamfahamu walienda mezani. Waliobaki, barafu.

Mama mmoja wa Kibara alikaa barafu miaka miwili. Akipita na kreti, wa mezani walimtania, “Mama Barafu, umekuja kutupoza?”

“Nangoja kisu changu. Kwetu mwaloni nilikuwaga nafundisha watu kama nyie kupasua samaki.”

Mara mbili aliniomba nimwandike mezani. “Kaka, penseli si unashika wewe?” Nilimjibu kwamba ninanakili tu. Ilikuwa kweli, nami nikajificha nyuma ya ukweli huo.

Siku ya kupimwa, vidole vyake vilikataa kujikunja. Kwa samaki wa tatu kisu kilimponyoka mara mbili. Alificha mikono kwapani ipate joto, akajaribu tena. Meneja hakumharakisha. Mwishowe akaniambia, “Sijamkataza mtu, karani, wewe ni shahidi. Kisu kimemshinda.” Aliyefaulu alikuwa binti wa mezani, mwenye miezi minne kazini. Alipasua vizuri, sina la kumlaumu.

Mama aliomba kuliona daftari. Vidole havikuweza kufunua karatasi, nikamfunulia. Jumatatu baada ya Jumatatu, jina lake, barafu, kwa mkono wangu.

“Una mwandiko mzuri, kaka,” alisema, kisha akaenda kurudisha aproni.

Jumatatu iliyofuata nililifuta jina lake. Penseli niliikandamizaga sana, kwa hiyo alama ilibaki kwenye karatasi. Juu yake niliandika jina la mwanamke mwingine, wa Bunda, aliyefika asubuhi hiyo bila salamu ya mtu. Meneja akasoma, nami nikaandika: barafu.