Kipa Aliyebadilishwa

Juzi, kwenye duka moja mtaa wa Balsall Heath, niliona glavu za kipa, na ile harufu ya matope na jasho ikanirudia.

Nilipokuwa mtoto tuliishi mtaa wa Hodge Hill, mji huohuo. Siku moja Baba, kocha wa timu ya kanisa letu, alikuwa akipiga kelele kwenye simu: “Sawa, mchukueni Elia, mtupatie washambuliaji wawili!” Elia, kipa wetu, alikuwa mdogo wake Baba, akiishi kwetu. Nilidhani mchezaji akibadilishwa anahama hata nyumba. Nikamfungia nguo na glavu, mfuko nikauweka mlangoni.

Aliporudi kutoka kazini aliutazama sana. “Ni baba yako aliyesema niondoke?”

“Ndiyo,” nilijibu kwa majivuno.

Aliuchukua, akaenda, hakurudi tena.

Mpaka leo Baba anasema mdogo wake aliondoka kwa kiburi. Nami, mtu mzima mwenye watoto, bado sijamwambia ni nani aliyeufunga ule mfuko.