Kigoda Chini ya Laptopu

Laptopu yangu haipendi joto, na mimi naifanyisha kazi Kakuma. Juzi nilikuwa Lopur kuwaeleza wenyeji mradi wa kisima. Kabla sijafika mbali ikachemka, ikazima.

Dawa yake naijua: iinuliwe ipate hewa kwa chini. Karibu na mlango palikuwa na ekicholong, kile kigoda ambacho mzee wa Kiturkana hutembea nacho, hukikalia mchana na kukifanya mto usiku. Mimi ni mtoto wa Lodwar, nimekua nikikatazwa kugusa cha babu, lakini siku hiyo niliona kitu cha kuinulia mashine tu. Nikakiweka mezani, nikapandisha laptopu juu yake. Ikawaka, ikatulia.

Mzee mmoja akaingia kutoka nje, akatazama mezani, kisha akasimama ameegemea fimbo yake mpaka mwisho. Nikafurahi kwamba nimepata msikilizaji. Hata niliwaambia wengine waige mfano wake.

Nilipofika ukurasa wa mwisho, ulioandikwa “Tuwasikilize Wenyeji”, nikamuuliza, “Baba, una swali?”

“Swali sina,” akasema kwa upole. “Nangoja tu mashine yako ipumzike, na mimi nikae.”