Matuta Ukutani

Mwaka huu, baada ya mavuno, nilikandika upya nyumba yetu hapa Mwazye, na ukuta wa mbele nikauchora kwa udongo mwekundu na mweupe. Nilichora soko la mji nilikozaliwa, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, soko ambalo ndege za vita zililipiga mchana watu wakinunua unga. Bomu la kwanza lilichana watu kama matambara. La pili likawaangukia waliokimbilia kuwaokoa. Nilikuwa binti mdogo, nikaokota vipande vya miili yao kwa beseni la dagaa la mama yangu. Kila lilipojaa tulivifukia palepale, tukaviinulia udongo. Vilima hivyo ndivyo nilivyovichora, safu kwa safu.

Majirani walipita wakasifu. Wafipa wa huku hulima matuta ya duara, majani yakifukiwa ndani yaoze yawe mbolea, kwa hiyo wao waliona shamba.

"Umeyapanga vizuri matuta yako," mama mkwe aliniambia akicheka. "Sasa umekuwa mtu wa kwetu. Utapanda ulezi au maharage?"

Hasira zilinipanda. Nilikibamiza chungu cha udongo mwekundu ukutani, kikapasuka.

"Hayo ni makaburi, mama! Ndani kuna watu!"

Alifuta udongo uliomrukia usoni. Kisha akausogelea ukuta, akaniuliza taratibu, "Kaburi la mama yako ni lipi, mwanangu?"

Nikamwonyesha matatu.