Hila ya Marit Hoekstra

Marit Hoekstra alijifunzia mpira wa wavu kwenye ukuta wa ghala la baba yake, kaskazini magharibi mwa jimbo la Iowa, Marekani, akirusha na kudaka hadi ng'ombe wakamzoea. Chuoni akawa mwinuaji: yeye huuinua mpira karibu na wavu, mwenzake huupiga, na sifa zote humwendea mpigaji. Marit hakujali, maana mpigaji mwenyewe alikuwa Brynn Vander Ploeg, rafiki yake tangu utotoni. Brynn akishangiliwa, Marit naye alivimba kichwa.

Halafu Brynn akahama. Aliingiza jina lake kwenye orodha ya wachezaji wanaotafuta chuo kingine, na kabla theluji haijayeyuka akachukuliwa na chuo kikubwa cha jimbo jirani, chenye ukumbi wa kifahari na wachezaji wanaopewa magari. Marit alizipata habari kwenye simu, kama mtu baki. Hakuagwa. Ilimuuma vibaya, na asiyewahi kuachwa namna hiyo anyamaze tu.

"Amekula mezani kwangu kila Jumapili," mama yake alifoka, "na bakuli langu hajarudisha!"

"Mama, achana na bakuli."

"Siachani nalo! Nilipewa siku ya harusi yangu!"

Marit hakutaka bakuli. Alitaka Brynn aaibike, tena mbele ya watu waliomlea. Na bahati ikamwangukia: mechi ya mwisho ya msimu, na ya mwisho kwa Marit kabla hajamaliza chuo, nyumbani, dhidi ya chuo kile kile.

Timu yao ilikuwa na desturi. Mwinuaji akitaka kuwajulisha wenzake mpira unakokwenda, huita kwa sauti jina la kitu cha shambani. Mahindi ni katikati, Zizi ni kushoto, Trekta ni nyuma. Wasichana walirithishana majina hayo mwaka hadi mwaka, na kuyabadilisha ulikuwa mwiko.

"Brynn anayajua yote," Kocha Dirksen alisema. "Safari hii tubadilishe."

"Kwa hiyo mtu akitukimbia, sisi ndio tuhame nyumba?" Marit aliuliza. Wenzake wakapiga makofi, kocha akanywea.

Hawakujua alichokuwa nacho moyoni. Alimvuta pembeni Annika, mpigaji wa kushoto.

"Nikijishika sikio, halafu nikaita Mahindi, usiamini. Mpira unakuja kwako."

"Ili iweje?"

"Yule msaliti atakuwa ameshawafundisha wenzake majina yetu. Watakimbilia katikati wote kuuzuia. Nataka aruke akumbatie upepo, shangazi zake wakimtazama."

"We dada una roho mbaya."

"Ninayo. Utapiga, hupigi?"

"Napiga."

Siku ya mechi, jina la Brynn lilipotangazwa, ukumbi mzima ulimpa mgongo. "Umepotea, mama? Mlango wa wageni uko kule!" wanafunzi walimzomea. Marit alisikia utamu hadi kooni. Na kila wapinzani walipozuia mpira vizuri, alijiambia: unaona? Ametuuza. Haikumpitia akilini kwamba walikuwa wanajua tu kucheza.

Walifika seti ya tano, wapinzani wakibakiza pointi moja tu washinde. Marit akajishika sikio. Mpira ukaja juu yake, laini kabisa.

"Mahindi!"

Tess, binti wa mwaka wa kwanza aliyecheza katikati na asiyejua lolote kuhusu hila hiyo, aliruka na mkono juu. Mbele yake hapakuwa na mtu. Wazuiaji wa wapinzani walikuwa pembeni. Marit akaupeleka mpira kushoto.

Brynn alikuwa pale pale kushoto, hajasogea hata hatua. Annika alipiga kwa nguvu zake zote, mpira ukagonga viganja vya Brynn na kuanguka miguuni pa Marit. Mechi ikaisha, na maisha yake ya mpira yakaisha nayo.

Walipopeana mikono chini ya wavu, Marit hakuuachia mkono wa Brynn.

"Kwa nini hukwenda katikati? Niliita Mahindi. Ulinisikia."

"Nilikusikia."

"Sasa?"

"Kocha wangu ameniganda wiki nzima nimpe majina yenu. Nikamwambia hayana maana, mmeshayabadilisha. Na mwenyewe niliamua kutoyafuata, nikamkaba Annika tu." Brynn alimtazama, na taratibu uso wake ukabadilika, kama mtu aliyeng'amua jambo. "Kumbe ulinitegea. Mimi niliondoka, Marit. Sikuwauza."

Akauchomoa mkono wake, akaenda kwa wenzake waliokuwa wakirukaruka. Hasira ya Marit ya miezi yote ile ilikuwa bado ipo, nzima, ila sasa haikuwa na wa kupelekewa.

Tess alimfuata, macho yamemwiva kwa machozi.

"Dada Marit, nilikuwa peke yangu pale. Hakuna aliyenizuia. Si uliniita?"

"Nilikuita," Marit alisema. "Ila nilikuwa namtazama yeye."